Rangi ya kuzibia mikwaruzo: namba sahihi, kichupa kizee

Nimekasirika, na sioni sababu ya kulificha. Nilinunua kichupa cha rangi ya kuzibia mikwaruzo, kile chenye brashi ndogo kwenye kifuniko, kwa ajili ya mlango wa gari uliochunika hadi praima, ile rangi ya msingi ya chini, ikaonekana. Namba ya rangi ililingana kabisa na ile iliyo kwenye kibandiko cha gari. Nilipokitikisa kichupa dukani na kigololi cha ndani, kile cha kuichanganya rangi, kisisikike, nilimuuliza muuzaji, kwa adabu zote, kama rangi hiyo haijakaa sana rafuni; akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake kwamba rangi haichachi.

Haichachi, lakini hukauka. Kiyeyushi hutoroka kidogo kidogo kupitia kifuniko kisichobana, na katika rangi ya fedha kama yangu chembe za alumini zinazoleta mng'ao hutuama chini na kugandamana. Kigololi kilikuwa kimenasa katika tope hilo, kwa hiyo brashi ilichota majimaji ya juu tu, na mlango ukapata doa la kijivu, lisilo na mng'ao wowote, lililoonekana zaidi ya mkwaruzo wenyewe.

Nisiwe mwonevu: baada ya kulifuta doa kabla halijakauka, kulikoroga tope kwa kijiti hadi likalegea, kuongeza matone machache ya thina na kuichuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni, niliipaka kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba juu ya jingine, na ukisimama hatua chache huoni kitu. Ni kweli kwamba inang'aa kuliko mlango uliopauka kwa jua, ila hilo lingetokea hata kwa rangi mpya. Rangi yenyewe ni nzuri, na nilikuwa tayari kuisifu.

Lakini kwa nini mnunuzi ndiye aifufue? Mtengenezaji amepata nafasi ya kuchapa maonyo ya moto kwa herufi ndogo, akakosa nafasi ya tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji naye, nilipomrudia, alisema ningetikisa zaidi! Nilikusudia kutoa nyota tatu. Sasa natoa mbili, na zote ni za thina.