Sufuria mbili, au sufuria moja na nyama pembeni?

Kama nyumbani kuna asiyekula nyama na wengine bila nyama hawajala, njia ni mbili: upike vyakula viwili tofauti, au upike mchuzi mmoja wa dengu ama maharage halafu nyama ikae kwenye bakuli lake kila mtu ajiwekee.

Sufuria mbili zina uhuru, hapo sibishi, ila anayepika ndo anaumia, gesi mara mbili vyombo mara mbili, na yule wa mboga mara nyingi anaishia kupewa wali na majani tu, protini hakuna.

Mi nipo na sufuria moja kabisa. Kaanga kitunguu na nyanya, weka dengu, ila usitie supu ya mifupa (watu wengi wanateleza hapa, wanasema hamna nyama humo kumbe supu yenyewe ni ya nyama) na kijiko cha nyama kisiguse huo mchuzi. Kamulia limau, vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye dengu. Vitamini B12 sasa, hiyo kwenye dengu na mboga haipo, sufuria yoyote haikusaidii, asiyekula hata mayai na maziwa atafute vidonge au vyakula vilivyoongezewa hiyo B12.