Urojo wa Michenzani: ufike saa ngapi, uagize nini

Anayekaa Michenzani, mjini Zanzibar, hahitaji kuelekezwa lilipo banda hili la urojo nyuma ya majumba. Ikifika alasiri harufu ya bajia inatosha. Kuna mabenchi mawili, meza moja, karai na sufuria mbili, basi. Hakuna kibao wala orodha ya bei. Kinachouzwa ni urojo tu, yaani mchuzi mzito wa unga, embe na ndimu unaoliwa na bajia, kachori na mbatata, na jioni za mtaa zimejipanga kuufuata: watoto hutumwa na bakuli wakitoka chuo cha Kurani, wazee hukaa baada ya sala ya Alasiri, na wanaotoka kazini hupitia kabla ya kwenda nyumbani.

Urojo mbovu ulimi huujua mara moja: una ladha ya unga mbichi, una madonge, au ndimu imemeza kila kitu. Wa hapa hauna hayo, na ukiangalia unavyopikwa utaona kwa nini. Unga wa ngano hukorogwa kwanza na maji baridi, huchujwa, kisha humiminwa kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka yenye manjano na embe mbichi iliyochemshwa ikapondwa. Kwa kupika nyumbani, vijiko vikubwa 4 vya unga kwa lita moja ya maji vinatosha, pamoja na manjano nusu kijiko cha chai na embe moja ya wastani. Mwiko usitoke sufuriani mpaka uchemke, halafu punguza moto uache kama dakika 20. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Urojo huwa mzito na kupata rangi nzuri mapema sana, mtu akadhani umeiva, kumbe unga bado mbichi. Ndimu hukamuliwa sufuria ikishaepuliwa, maana ikichemshwa harufu hupotea na uchungu hubaki.

Embe zikiadimika huwekwa ukwaju. Rangi huwa nzito zaidi na ukali huchelewa kufika kooni. Unalika vizuri, lakini wa embe ndio urojo.

Bajia ni za aina mbili, na uzitake zote. Za dengu ni ndogo, laini, zinakunywa mchuzi. Za kunde ndizo zinazolipa sifa banda hili: kunde hulowekwa, hutolewa maganda, husagwa na maji machache sana pamoja na kitunguu saumu, pilipili na kotmiri, kisha hupigwa kwa mkono mpaka zijae hewa. Ukiipasua bajia utaona vitundu vitundu ndani na ganda jembamba la kahawia nje. Kunde zikisagwa na maji mengi bajia hunywa mafuta, na mafuta hayo huja kuelea juu ya bakuli. Hapa hayaelei. Kachori nazo zina ndimu na pilipili ndani ya mbatata, kwa hiyo usiongeze pilipili kabla hujaonja.

Mwenye banda, ambaye wateja wote humwita mama, hupanga bakuli kwa mpango usiobadilika: mbatata za kuchemsha chini, bajia na kachori, mishkaki iliyochomolewa kijitini, yai ukitaka, upawa mbili za urojo, chatne ya nazi, na chipsi za muhogo mwisho kabisa ili zisilowe. Anakumbuka kila mtu anakulaje. "Mwanangu, embe za leo kali, nikupunguzie ndimu?" "Nipunguzie, mama." Huduma ni hiyo, nayo ni kubwa.

Kasoro zipo. Urojo ukikaa jikoni huzidi kuwa mzito, na kuelekea saa 1 usiku huongezwa maji ya moto bila kuongezwa embe wala chumvi, ukapwaya. Chipsi za muhogo hukaa kwenye sinia lililo wazi, na siku za mvua hulegea. Zingefunikwa tu, tatizo lingeisha. Mishkaki huisha mapema. Wakati mzuri ni saa 10:30, bajia za kwanza zikitoka karaini, au saa 11:30 sufuria ya pili inapoepuliwa. Magharibi ikiadhiniwa, biashara husimama kama robo saa. Mwezi wa Ramadhani ni wa kuchukua tu, na foleni huanza mapema.

Bakuli la kawaida ni shilingi 2,000, lenye mishkaki 3,000. Nenda na noti ndogo. Ukichukua nyumbani, beba vyombo viwili vyenye mifuniko: cha urojo na chatne, na kikavu cha bajia na chipsi. Urojo ukiganda njiani, upashe moto mdogo na maji kiasi cha nusu kikombe huku ukikoroga, ndipo uchanganye.