Miezi Minne na AnkiDroid: Uzoefu Wangu wa Kurudia Mada ya Seli kwa Mtihani wa Kidato cha Sita

Nilifanya mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na alama yangu ya Baiolojia haikutosha kunipeleka kwenye kozi ya afya niliyoitamani. Nikajiandikisha kurudia nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, bila mwalimu wala maabara, nikitegemea daftari zangu za zamani, kitabu kimoja cha kiada kilichopoteza jalada, na simu ya Android yenye ufa kwenye kioo. Mada niliyoanza nayo ni sitolojia, yaani elimu ya seli, ile inayofundishwa mwanzoni mwa Kidato cha Tano na ambayo wengi huisahau ifikapo Kidato cha Sita, kwa kuwa nilipopitia upya majaribio yangu ya shuleni niligundua kwamba hata alama nilizopoteza katika usafirishaji wa maji kwenye mimea, katika mishipa ya fahamu na katika jenetiki zilikuwa zimepotelea mahali pamoja: sikuujua vizuri utando wa seli, wala sikujua ni nini hasa hutendeka mahali gani ndani ya seli.

Programu niliyoitumia ni AnkiDroid. Kwa wasioijua, ni programu ya kadi za marudio: upande wa mbele wa kadi una swali, upande wa nyuma una jibu, na baada ya kulifunua jibu unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kueleza kama umelisahau, umelipata kwa shida, umelipata vizuri au umelipata kirahisi. Kwa kufuata jibu lako, programu huamua kadi ile irudi lini, iwe baada ya dakika chache, siku tatu, wiki mbili au miezi miwili. Wazo lenyewe ni la zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu zake mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alichapisha mwaka 1885 matokeo yanayoonyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni na taratibu baadaye, na mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland alitengeneza kanuni ya kupanga marudio kwa kompyuta ambayo Anki, programu mama ya AnkiDroid, ilijengwa juu yake. Kwenye Android ni bure, haina matangazo, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu anayenunua kifurushi cha siku kwa siku si dogo. Wenye iPhone hulipia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu. Badala ya kuandika kadi, nilinunua bunda lililokwisha kuandaliwa, kadi zaidi ya 1,400, kutoka kwa muuzaji mmoja wa madesa ambaye sitamtaja, kwa bei ya chini kuliko kitabu. Nikaacha programu kwenye mpangilio wake wa kawaida wa kadi mpya 20 kwa siku, na kwa wiki tatu za kwanza nilijiona nimefika, kwani nilikuwa nikibonyeza kwa kasi huku nikijibu bila kusita. Mitokondria? Nyumba ya nishati. Ribosomu? Utengenezaji wa protini. Lisosomu? Umeng'enyaji ndani ya seli. Majibu hayo nilikuwa nayo tangu kidato cha chini, na nilikuwa nikilipwa pongezi za kila siku kwa kujua kitu nilichokuwa nakijua.

Nilizinduka siku niliyokutana na kadi iliyosema kwamba ribosomu ya bakteria, yenye ukubwa wa 70S, imeundwa na vipande viwili vya 50S na 20S. Kitabu changu kilisema 50S na 30S. Nilidhani kitabu kimekosea chapa, maana 50 na 30 ni 80, kisha nikaona ribosomu ya seli zenye kiini, yenye 80S, imeundwa na 60S na 40S, ambazo jumla yake ni 100. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba herufi S ni kipimo cha Svedberg, ambacho hakipimi uzito bali kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa kwa kasi kubwa kwenye mashine iitwayo centrifuge, na kasi hiyo hutegemea umbo pamoja na uzito. Vipande viwili vikiungana huwa na umbo jipya, kwa hiyo namba zake hazijumlishwi kama shilingi. Bila shaka aliyeandika ile kadi aliona hesabu haitimii akaamua kuitimiza mwenyewe. Baada ya hapo nilianza kulikagua lile bunda kwa jicho kali, nikakuta kadi nyingine ikidai kwamba ukuta wa seli upo kwenye mimea peke yake, kana kwamba kuvu hazina ukuta wa kaitini na bakteria hazina wa kwao.

Pigo la mwisho lilikuwa msiba. Nilisafiri kwenda Songea, nikakaa siku tisa bila kugusa simu kwa masomo, na niliporudi kadi zilizokuwa zikinisubiri zilikuwa 412. Hapa nitamwonya kila atakayeijaribu programu hii: haisahau wala haisamehi, na deni la kadi hukua kama deni la dukani. Ingekuwa ni kadi zangu mwenyewe pengine ningezilipa kidogo kidogo kwa wiki moja, lakini kulipa deni la kadi ambazo nusu yake sikuziamini kuliniudhi. Nikalifuta bunda zima, nikashusha idadi ya kadi mpya hadi 8 kwa siku, nikaanza kuandika zangu.

Kuandika ndiko kulikonifundisha, na kilichonisaidia zaidi ni jambo ambalo sikulipanga. Baiolojia ya Kidato cha Tano na cha Sita tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kadi zangu za mwanzo niliziandika kwa Kiingereza kile kile cha kitabu. Usiku mmoja umeme ulikatika nikawa namsimulia mama yangu mdogo, ambaye hakusoma sayansi, kile nilichokuwa nakisoma. Aliniuliza kwa nini vitunguu vya kachumbari hutoa maji vikitiwa chumvi. Nilianza kutaja osmosisi, plasmolisisi na utando unaopitisha baadhi ya vitu, nikakwama, kwa kuwa maneno yalikuwa mengi mdomoni kuliko maana. Kuanzia hapo nikaweka kanuni: upande wa mbele wa kadi swali liwe la Kiswahili, upande wa nyuma uanze na maelezo ya Kiswahili ambayo mama mdogo angeyakubali, na chini yake sentensi moja ya Kiingereza kwa namna ninayotakiwa kuiandika kwenye mtihani.

Kwa hiyo kadi ya kachumbari leo inauliza maji yanatoka wapi na kwenda wapi, na jibu linaeleza kwamba maji safi yana uwezo wa maji (kipimo cha mwelekeo wa maji kuhama) wa sifuri, kwamba chumvi huushusha chini ya sifuri, na kwamba maji hutoka palipo na uwezo mkubwa zaidi kwenda palipo na uwezo mdogo zaidi, hivyo yanahama kutoka ndani ya seli za kitunguu hadi kwenye chumvi iliyoyeyuka nje. Kadi inayoifuata ni ya mchicha: kwa nini muuzaji wa sokoni hunyunyizia maji mafungu yaliyosinyaa, na kwa nini jani husimama tena lakini seli zake hazipasuki, wakati chembe nyekundu ya damu ikitiwa kwenye maji matupu hupasuka? Jibu liko kwenye ukuta wa seli, ambao husukuma ndani kadiri maji yanavyoingia hadi shinikizo la ukuta lisawazishe mvuto wa maji. Kabla ya hapo nilikuwa nimezikariri kanuni hizo mara nyingi, na alama za kutoa mbele ya namba za uwezo wa maji zilikuwa zikinichanganya kila mara. Tangu nimeanza na kitunguu, hazijanichanganya tena.

Nilijifunza pia kuuliza swali la mahali. Ile kauli ya nyumba ya nishati, kwa maoni yangu, imewaumiza wanafunzi wengi kuliko ilivyowasaidia, kwa sababu inakuacha ukidhani kwamba glukosi inaingia mitokondria ikatoka nishati. Kadi zangu zinauliza: glaikolisisi, yaani hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, hufanyika wapi? Kwenye saitoplazimu, nje kabisa ya mitokondria. Mzunguko wa Krebs, hatua inayofuata baadaye? Kwenye matriksi, yaani umajimaji wa ndani ya mitokondria. Mnyororo wa kusafirisha elektroni? Kwenye utando wa ndani, na ndiyo maana utando huo umekunjwakunjwa ili eneo lake liwe kubwa. Vivyo hivyo kwa safari ya protini inayotolewa nje ya seli, nimeacha kuorodhesha vifaa na kazi zake, nikaandika kadi juu ya majaribio ya George Palade na wenzake ya miaka ya 1960 kwenye seli za kongosho la simbilisi (guinea pig), ambamo amino asidi zenye mionzi zilionekana kwanza kwenye retikulamu yenye ribosomu, yaani mtandao wa utando ndani ya seli, baadaye kwenye Golgi, inayofungasha protini, na mwisho kwenye vifuko vinavyosubiri kumwaga vimeng'enya nje. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve, huyu wa mwisho akiwa ndiye aliyezitambua lisosomu. Mtu akishajua jinsi ilivyogunduliwa, mpangilio haumtoki kichwani.

Kwa michoro, programu ina uwezo wa kuficha sehemu za picha, na huo nimeutumia sana. Nilichora mwenyewe kwa penseli hatua za mitosisi na meiosisi, yaani aina mbili za mgawanyiko wa seli, nikazipiga picha, nikaficha majina na baadhi ya kromosomu. Ushauri wangu ni kwamba usichukue picha za rangi za kwenye intaneti, kwa sababu mtihani utakutaka uchore, na jicho lililozoea picha ya rangi halimsaidii mwenye penseli. Tofauti ya metafezi (hatua ambayo kromosomu hujipanga katikati ya seli) ya mitosisi na metafezi ya kwanza ya meiosisi, ambako kromosomu hujipanga zikiwa jozi na si moja moja, niliielewa siku mkono wangu ulipoikosea mara tatu mfululizo.

Kuna mahali ambapo kadi hazifai, na ni vema mtu ajue kabla hajaziegemea. Hesabu za ukuzaji wa picha ni mfano mmoja. Niliandika kadi yenye picha ya mitokondria yenye urefu wa milimita 40 iliyokuzwa mara 20,000, ambapo unabadilisha milimita kuwa mikromita 40,000, unagawanya, unapata mikromita 2. Kufikia mara ya tatu nilikuwa nikijibu 2 bila kugusa kalamu, kwa kuwa nililikumbuka jibu na si njia. Hesabu zote nilizihamishia kwenye karatasi za mitihani iliyopita, nikabakiza kadi moja tu ya mikroskopu, ambayo bado naipenda: kwa nini ribosomu haionekani kwa mikroskopu ya mwanga hata ukikuza picha mara 10,000? Kwa sababu mwanga wenyewe hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200, na ribosomu ina nanomita zipatazo 25. Ukikuza zaidi unapata ukungu mkubwa zaidi. Maswali ya insha nayo hayana nafasi kwenye kadi. Mtahini anapotaka ujadili ushahidi kwamba mitokondria zilitokana na bakteria, kadi itakukumbusha kwamba zina DNA yao ya duara, ribosomu za 70S na utando maradufu, lakini haitakufundisha kuziunganisha hoja hizo ndani ya dakika arobaini.

Kadi zangu za mada ya seli sasa ni 386, na marudio ya kila siku hunichukua dakika kati ya 15 na 25, mara nyingi kabla ya chai ya asubuhi. Binamu yangu aliyeingia Kidato cha Tano mwaka huu aliniomba nimtumie bunda langu lote. Nilimpa picha za michoro peke yake, nikamwekea programu ikiwa tupu, naye akanuna. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza: ikiwa chembe nyekundu ya damu haina mitokondria, na ikiwa kila ATP moja, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli, inatumika kutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kupitia pampu ya kwenye utando, sasa chembe hiyo hupata wapi ATP ya kuendeshea pampu zake kwa siku zote 120 inazoishi? Swali hilo halikuwamo kwenye zile kadi 1,400, wala kwenye zangu. Tulikaa nalo karibu nusu saa kwenye simu mpaka tukarudi kwenye saitoplazimu, kwenye glaikolisisi na ATP zake mbili kwa kila glukosi, nami nikaiandika kadi ya 387.