Ala ya kanuni nimeisikia tena: uzoefu wangu na AirPods Pro 2

Mimi ni seremala. Mashine za kuranda na kupasua mbao zimenipunguzia usikivu na kuniachia mlio mwembamba usiokoma masikioni. Kipimo cha hospitali kilionyesha kwamba sauti nene nazisikia vizuri, ila kwenye hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) mstari wa grafu umeporomoka. Hapo ndipo kelele za mashine huanza kuumiza.

Kwa mpenzi wa taarabu huo ni msiba. Udi na dumbaki nilibaki navyo, lakini kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilififia. Nilijua inapigwa, ule mkwaruzo mkali wa nyuzi siuoni ulipo. Kifaa cha kusaidia kusikia ninachovaa nakishukuru kwa maongezi. Kwenye muziki kinanitesa. Vifaa hivi vina kinga dhidi ya ule mlio unaotokea kipaza sauti kikikaribia spika, na fidla inapovuta sauti ndefu, kinga hiyo huidhania kuwa ndio mlio wenyewe na kuipinda.

Basi nikanunua AirPods Pro 2, hedifoni ndogo za Apple zisizo na waya. Siri haimo kwenye hedifoni peke yake, imo pia kwenye iPhone: kwenye mipangilio ya simu, ndani ya Accessibility, kuna sehemu iitwayo Headphone Accommodations, inayorekebisha sauti ya hedifoni ilingane na usikivu wako. Nikaipiga picha karatasi yangu ya kipimo, simu ikaisoma, ikaongeza zile sauti nyembamba ninazozikosa, kila sikio kwa kiasi chake. Nikaweka rekodi ya zamani ya Unguja. Kanuni ikaingia, kila uzi peke yake! Nilirudia wimbo ule ule hadi mke wangu akauliza kulikoni.

Kuhusu ubora: ndiyo, Bluetooth inaibana sauti, na wenye masikio mazima wanaweza kubishana juu ya hilo hadi asubuhi. Kwa sikio lenye pengo kwenye hezi 4,000, kuliziba pengo hilo kuna faida kubwa kuliko faili zito la muziki usiobanwa, la aina yoyote.

Mlio wa masikioni haujaondoka, wala sikutarajia uondoke. Muziki ukiwa umejaa vizuri nausahau. Nikiwasha kizuia kelele cha AirPods bila muziki wowote, unapanda juu kwa sababu hakuna kinachoufunika, kwa hiyo usiku naweka sauti ya mvua kutoka Background Sounds, sehemu ya iPhone yenye sauti za kutuliza, chini kabisa.

Jambo moja nalishikilia sana: simu yangu nimeiwekea kikomo cha desibeli 80. Shirika la Afya Duniani linakihesabu kiwango hicho kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na sikio lililokwisha kuumia halina akiba ya kuchezea.

Asiye na uwezo wa kununua AirPods, mpangilio huo huo wa simu unafanya kazi hata kwa EarPods, hedifoni za Apple za waya. Ila aliyepoteza usikivu ghafla, au anayesikia mlio sikio moja tu, aanzie kwa daktari wa masikio, na asichelewe.