Mdomo wa hewa wa ndege ndogo: seti ya mtandaoni na boksi la fundi wa faiba, Deep Sea Tanga

Seti ya kuingizia hewa kwenye injini ya ndege yangu (mdomo, boksi na chujio), niliyoagiza mtandaoni, naipa nyota mbili, zote za chujio. Kazi ya fundi wa faiba wa pale Deep Sea naipa nne. Asiye na muda aishie hapa: anunue chujio peke yake, hela inayobaki ampelekee fundi.

Wenye muda tuendelee. Ndege yangu ni ya kujiundia, viti viwili, injini Rotax 912 S, ile ya lita 1.35 na nguvu za farasi 100, kabureta mbili za Bing. Mimi ni mstaafu wa karakana ya shamba la mkonge; korona, zile mashine za kuchakata mkonge, na matrekta ndiyo yaliyonilea. Naruka kutoka kiwanja cha shamba, udongo mwekundu mtupu, na siku za kaskazi kabla ya masika ukiwasha injini tu propela inakurudishia vumbi lote usoni. Vumbi hilo lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu vya kutosha kukwaruza silinda na kumaliza ringi. Kwa hiyo suala la chujio kwangu si la mapambo.

Rotax nyingi za ndege ndogo huvaa vichujio viwili vya koni, kimoja kwa kila kabureta, vikivuta hewa humo humo chini ya boneti. Ni rahisi na inafanya kazi. Tatizo, humo chini ni jikoni. Ndipo nikaona tangazo la seti ya "hewa ya kusukumwa": mdomo unakaa mbele, upepo wa safari unaingia kwa nguvu, unajaza boksi, injini inashiba. Muuzaji anaahidi nguvu zaidi kwa asilimia 15. Jina lake silitaji, hao wako wengi na ahadi zao zinafanana.

Hiyo 15 naomba tuikague, maana ndiyo inayouza seti. Nilichukua mpira mwangavu wa levo, ule wa mafundi ujenzi, nikaupinda mfano wa herufi U, nikatia maji yenye rangi ya pilau ili yaonekane. Ncha moja nikaichomeka kwenye boksi ambalo njia ya kutokea hewa nimeiziba, nikafunga mzigo wote juu ya pikapu ya mpwa wangu, tukashika lami ya kwenda Segera. Kwenye kilometa 80 kwa saa maji yalipishana karibu sentimita 3. Trafiki mmoja alitusimamisha, akautazama ule mpira kwa muda mrefu, akaturuhusu bila kuuliza kitu.

Sasa hesabu. Shinikizo la upepo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, shinikizo linakuwa mara nne. Kwa mwendo wangu wa safari, kilometa 185 kwa saa, katika joto la Tanga la nyuzi 30, zile sentimita 3 zinakuwa kama 15 na nusu. Ni nyingi? Hewa yote inayotukalia kichwani hapa pwani inabeba safu ya maji ya sentimita 1,033. Yaani umepata asilimia moja na nusu. Kwa injini ya farasi 100 ni farasi mmoja na nusu, tena kama mdomo na boksi havipotezi hata tone, jambo ambalo halipo. Ili upate hiyo 15 ya muuzaji ungepaswa kuruka zaidi ya kilometa 550 kwa saa. Hiyo si ndege yangu, wala si yako unayesoma hapa.

Lakini boksi lina faida nyingine, ambayo tangazo wala haliitaji: joto. Nilipima hewa chini ya boneti baada ya kuzunguka anga ya Pangani na kurudi, ikasoma nyuzi 60 wakati nje ni 30. Hewa ya 60 ni nyepesi kuliko ya 30 kwa asilimia 9, na injini inayovuta hewa hiyo inapoteza kama asilimia 5 ya nguvu zake. Basi linganisha: kusukumwa kunakupa moja na nusu, ubaridi unakupa tano. Mdomo wa mbele ununue kwa sababu unaleta hewa ya nje, iliyo baridi na imechujwa. Habari ya kusukuma waachie wenye ndege za mbio.

Nirudi kwenye seti yenyewe. Chujio ni la pamba iliyotiwa mafuta, limeshonwa vizuri, mpira wake wa shingoni mzito, na wavu wa waya hauna ncha iliyochomoza. Hapo sina neno. Mdomo ndio kituko. Una upana wa sentimita 5, unafunguka kufikia 10 ndani ya urefu wa sentimita 8 tu, upanuzi wa pembe ya nyuzi kama 35. Hewa haifuati kuta zinazofunguka ghafla hivyo. Inaachana na ukuta, inazunguka palepale, na kile kidogo ulichokikamata mbele kinapotea kabla ya kufika kwenye chujio. Upanuzi unaokubalika ni nyuzi 7 hadi 10, basi. Halafu boksi halina kijineli cha kuunganisha pumzi za bakuli za kabureta. Hili ni kosa la hatari. Kwenye Bing, bakuli la petroli lazima lipumue shinikizo lile lile la boksi. Ukiliacha linapumua nje huku boksini kuna shinikizo zaidi, petroli inapungua, injini inachemka, na wewe uko juu ya mikoko unajiuliza kulikoni.

Na mlango wa dharura hamna. Kila boksi la hewa lililofungwa linahitaji njia ya pili: chujio likiziba, iwe kwa nyasi, mvua au ndege wa angani, kijilango kifunguke kwa mvuto wa injini yenyewe na hewa iingie kutoka chini ya boneti. Hewa hiyo ya moto ina kazi nyingine pia, maana kwa unyevu wa pwani yetu kabureta inaweza kuganda barafu hata siku ya joto, hasa ukipunguza moto kuteremka. Watu hawaniamini nikisema barafu na Tanga kwa pamoja. Petroli ikigeuka mvuke inashusha joto la kabureta kwa nyuzi 20 na zaidi, na unyevu tunao wa kugawa.

Ndipo nikaenda Deep Sea. Fundi ni kijana anayeziba mashua za faiba nyuma ya soko la samaki. Ndege hajawahi kuigusa.

"Shikamoo mzee. Hii ya mashua gani?"

"Marahaba mwanangu. Ya ndege."

Alicheka, akalishika boksi la seti, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza, "Maji yakiingia yanatokea wapi?" Swali hilo aliyelichora lile boksi hakujiuliza. Mvua ikiingia mdomoni, au kabureta ikifurika petroli, lazima pawe na kitundu sehemu ya chini kabisa, na mpira wa kutolea nje mbali na ekzosti. Nikajua nimefika kwa mtu.

Kalibu, yaani umbo la kulazia faiba, alilichonga kwa povu la maboksi ya samaki, kwa kisu cha mkate, akalisawazisha kwa msasa. Akalizungushia selotepu ya kufungia mizigo, kwa sababu resini ya mashua, ile gundi ya faiba, inakula povu, kisha akalaza mati ya faiba tabaka juu ya tabaka, akitoa mapovu kwa brashi aliyoikata manyoya yawe mafupi. Ilipokauka akamimina petroli kidogo ndani, povu likayeyuka lote, likabaki ganda tupu. Ndani akapiga msasa wa maji mpaka kidole kinateleza. Mdomo tulikubaliana utoke sentimita 5 hadi 7 kwa urefu wa 12, takriban nyuzi 10, kisha ufunguke kwenye boksi lenyewe. Upande wa ekzosti akagandisha bati la alumini, maana faiba ya mashua haipendi moto. Kijilango cha dharura ni alumini pia, bawaba na springi laini. Nikiziba mdomo kwa kadibodi injini ikiwa inanguruma, kinafunguka chenyewe na mizunguko inashuka kidogo tu.

Nyota moja nimemkata kwa skrubu. Alifunga bati la kati kwa skrubu zinazoingilia upande wa baada ya chujio. Kwenye mashua skrubu ikilegea inaanguka majini, basi. Kwenye injini inaanguka kwenye kabureta. Nilimwambia azitoe, tukaweka bolti za kupenya kwa nje, nati zikafungwa waya. Alikubali bila kinyongo, ila alinitoza siku ya ziada, na hapo nilikunja uso kidogo.

Chujio nalisafisha kwa sabuni yake na maji ya bomba, linakauka kivulini, halafu mafuta kidogo. Usilipige upepo wa kompresa, nyuzi za pamba zinaachana. Usilioshe kwa petroli. Mafuta yasizidi, yatavutwa ndani. Yale machujio ya sponji siyataki kabisa: joto linayachakaza, yanamomonyoka, na makombo yanaelekea mahali pabaya. Ndege ikilala, mdomo uzibwe kwa kizibo chenye utepe mwekundu mrefu, kwa ajili ya nyigu wa matope. Hao wanajenga haraka kuliko kampuni yoyote ya ujenzi mjini hapa.

Gharama: fundi alichukua chini ya nusu ya bei ya seti, na ndani yake mna mati, resini na jelikoti nyeupe, lile tabaka la juu la faiba. Mpelekee injini ikiwezekana, au angalau kabureta na boneti, kwa kuwa anapima kwa macho na kamba. Nenda wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa. Yakitoka tu wenye mashua wanamzunguka na wewe na ndege yako mtasubiri.