Kukwangua Udongo Fukushima: Shambani Inafaa, Pembeni mwa Msitu Haitoshi

Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, Machi 2011, Japani ilijaribu njia nyingi za kusafisha mashamba. Tunayoipa alama za juu ni ile iliyo rahisi kuliko zote kuieleza: kwangua sentimita 4 hadi 5 za udongo wa juu, uzibebe. Kuifanya vizuri ndiko kugumu.

Inafaa kwa sababu sesiamu, metali yenye mionzi iliyotapakaa kutoka mtamboni, hunaswa na chembe za mfinyanzi, hasa zenye madini ya jamii ya ulanga, na haizami upesi. Shamba lisiloguswa hubaki na uchafu karibu wote juu. Likilimwa mara moja tu, sesiamu hushuka hadi kina cha jembe, na hapo kukwangua kijuujuu hakusaidii tena. Kwa hiyo marufuku ya kwanza ni kulima.

Katika majaribio ya Wizara ya Kilimo ya Japani mwaka 2011, nyasi zilikatwa, trekta likatifua tabaka la juu, bamba la nyuma likakusanya udongo, mashine ya kuchotea, yaani kijiko, ikauzoa. Sesiamu ilishuka kutoka bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi kwenye udongo) 10,370 kwa kilo hadi 2,599, yaani robo tatu iliondoka. Mionzi hewani, inayopimwa kwa mikrosiverti (kipimo cha mionzi inayompata mtu), ilitoka 7.14 kwa saa hadi 3.39 tu, yaani ilipungua karibu nusu. Tofauti hiyo si uzembe: miali ya gama huja pia kutoka mashamba jirani na vilima, kwa hiyo kusafisha jaruba moja peke yake ni nusu ya kazi.

Kasoro nyingi huanzia kwenye usawa wa ardhi. Penye mabonde madogo kijiko hupita juu na kuacha uchafu, penye matuta huchota udongo safi bure. Magurudumu hushindilia udongo mchafu chini, na udongo mkavu hutimua vumbi. Dawa ya kugandisha yenye magnesiamu, ikinyunyizwa na kuachwa siku 7 hadi 10, hufanya tabaka la juu liwe gumu na jeupe, dereva akaona wazi alikopita na asikopita. Inachelewesha, lakini tunaipendekeza.

Usikwangue zaidi ya inavyohitajika. Hekta 1 kwa sentimita 5 ni mita za ujazo 500, karibu viroba 500 vikubwa. Kila sentimita ya ziada inaongeza 100.

Ambako udongo haukufikia bekereli 5,000 kwa kilo, kupindua kwa plau hadi sentimita 30 kunatosha na hakuzalishi taka, ila sesiamu inabaki palepale, na tabaka gumu linaloshika maji ya mpunga linaweza kutoboka. Alizeti, zilizopandwa ili zifyonze sesiamu, tunazikataa kabisa: zilifyonza takriban sehemu 1 kati ya 2,000 ya sesiamu iliyokuwa ardhini.

Nyumba za chini ya vilima ndizo zilizohudumiwa vibaya. Msituni usafishaji uliishia kama mita 20 kutoka ukingoni, na miti iliyo nyuma ya hapo inaendelea kumulika ua wa nyumba kwa mionzi. Tena, anayelinganisha vipimo vya miaka tofauti aondoe kwanza upungufu wa asili wa aina mbili za sesiamu: sesiamu 134 hupungua nusu kila baada ya miaka 2 hivi, sesiamu 137 kila baada ya miaka 30. Asiisifu buldoza kwa kazi iliyofanywa na wakati.

Taka ndiyo doa kubwa. Viroba vilirundikwa mashambani kwa miaka, vingine vikatobolewa na majani, na kimbunga cha Oktoba 2019 kikasomba baadhi mtoni. Takriban mita za ujazo milioni 14 zimepelekwa kwenye hifadhi ya muda ya kilomita za mraba 16 huko Okuma na Futaba, miji ulipo mtambo, na sheria inataka ziondoke mkoani Fukushima kabla ya Machi 2045.

Mkulima anayerudishiwa shamba hupata mara nyingi mchanga wa mlimani usio na mboji. Arudishe samadi, na apime potasiamu kabla ya kupanda mpunga: isipungue miligramu 25 kwa gramu 100 za udongo, ikihesabiwa kama oksidi ya potasiamu. Ikipungua, mizizi hufyonza sesiamu mahali pake, hata kwenye shamba lililokwanguliwa vizuri.