Nimepasuliwa ngiri bure na madaktari wageni huku kusini: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Habari zenu wadau. Naona watu wanaulizana sana kuhusu hizi kambi za upasuaji za madaktari wanaokuja kujitolea kutoka Ulaya, wengine wanasema ni utapeli, wengine wanasema Waafrika tunafanyiwa majaribio. Mi nimeshapita huko, nimetoka na kovu na natembea vizuri, kwahiyo nawapa nilichokiona. Jina la hospitali silitaji, wala la kikundi chao, maana kuna ya kusifia na kuna ya kulalamika.

Ngiri yangu ilikuwa ya kinena, upande wa kulia. Nilianza kuiona kipindi nabeba magunia ya korosho ghalani, nikikohoa inatoka, nikilala inarudi yenyewe. Kwa wasiojua, hii sio ile "ngiri" ya kwenye mabango ya barabarani inayouzwa pamoja na dawa ya nguvu za kiume, hii ni utumbo unapenya pale ambapo ukuta wa tumbo umelegea, na hamna mzizi wala kidonge cha kuziba hilo tundu, dawa yake ni kushonwa. Na ikitoka ikagoma kurudi, ukaanza maumivu makali na kutapika, usisubiri kambi ya mtu yeyote, kimbia hospitali saa hiyohiyo maana utumbo ukibanwa unaoza.

Sasa kwanini nisishonwe hospitali ya wilaya siku zote? Hela ni sababu mojawapo, bima sina, lakini hata ukiwa na hela kuna foleni ambayo haisogei. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, ni moja, na kila ukipangiwa siku anakuja mama mjamzito wa dharura, anapasuliwa yeye, na ni haki yake, mtu wa ngiri anaambiwa rudi wiki ijayo. Ukirudi yuko mama mwingine. Ile tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu na kwa wakati, basi mi nawafahamu baadhi, tulikuwa tunakaa nao benchi moja.

Tangazo lilikuja na gari la spika, alafu likarudiwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Hapa ndo pana tatizo la kwanza. Gari lilitangaza "magonjwa yote ya upasuaji", kumbe wale wageni walikuja kwa ajili ya ngiri, mabusha na vivimbe vidogo basi. Kuna mama alitoka mbali huko, kapanda pikipiki na basi, ana tezi ya shingo kubwa kweli, wakamwangalia kwa heshima zote wakamwambia hii hatuwezi kuifanya hapa, inataka hospitali kubwa yenye ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Walichomwambia ni sahihi kabisa, mi nisingetaka mtu akatwe shingo mahali ambapo akivuja damu hamna pa kumpeleka, lakini nauli yake nani anarudisha? Aliyeandika tangazo alitakiwa aandike magonjwa matatu, sio "yote". Watu walilala kwenye mikeka varandani na watoto kwa ajili ya neno hilo moja.

Tatizo la pili ni vishoka. Kuna vijana wanapitapita na daftari, wanasema ukitoa kidogo jina lako linapanda juu. Msitoe hata mia. Orodha ya kweli anayo nesi na anaipanga baada ya kukupima, sio kabla. Unapimwa presha, sukari, damu, na daktari anakuangalia umesimama anakwambia kohoa. Wazee wengi walirudishwa kwa presha kuwa juu, kwahiyo kama mzee wako anatumia dawa za presha hakikisha kazimeza siku zote kabla ya kuja, wengine waliziacha wakidhani ukienda kupasuliwa unatakiwa uwe hujameza kitu chochote. Hapana, kufunga ni chakula, dawa ya presha unamuuliza daktari.

Fomu ya kukubali upasuaji ilikuwa ya Kiingereza. Sista mmoja alikuwa anaisoma kwa Kiswahili haraka haraka kama makanga anataja vituo. Mi nikamwomba arudie, akarudia bila kununa. Humo ndo nikajua kuna kipengele cha kupigwa picha, na unaweza kukikataa, na nikakikataa, nikapasuliwa vizuri tu. Wenzangu wengi hawakujua kama wana hiyari. Yaani picha ya mtu na busha lake iende Ulaya kuchangishia hela na mwenyewe hajui, hiyo sio sawa hata kama nia ni njema.

Upasuaji wenyewe sasa, hapo sina neno baya. Sindano ya ganzi ya mgongoni, miguu ikawa mizito kisha sijui kama ipo, unasikia wanavyovuta vuta lakini huumii. Waliokuwa mezani ni wawili, mmoja Mzungu mtu mzima, mwingine dokta wetu wa hapa hapa wilayani, na nilisikia yule Mzungu anamwachia mwenzake ashone huku yeye anamshikia. Nilipenda hiyo. Na kwa wanaosema eti wanakuja wanafunzi kujifunzia kwetu: kisheria daktari mgeni lazima apate usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika ndo atibu hapa, sio kwamba mtu anashuka tu kwenye ndege anavaa glovu. Una haki ya kuuliza nani atakupasua. Mi niliuliza, nikaambiwa, hamna aliyekasirika.

Wameniwekea neti ndani, ya kuimarisha pale ukuta wa tumbo ulipolegea. Nikadhani ni utani, neti kama chandarua? Dokta akacheka akasema haujakosea sana. Baadae nikaenda kusoma, kumbe Uganda walishafanya utafiti kabisa, ulitoka 2016 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, walilinganisha ile neti ya viwandani ya ngiri, ambayo bei yake ilikuwa zaidi ya dola 100, na kitambaa cha neti ya mbu isiyo na dawa iliyochemshwa kitaalamu, gharama kama dola 1, na baada ya mwaka matokeo hayakupishana kwa maana. Sasa hapo unajiuliza kumbe kinachokosekana sio hata vifaa vya ajabu, ni thieta ya pili na mtu wa kusimama humo.

Na nyota niliyoikata ni ya hapa. Wageni walikaa wiki wakaondoka. Kidonda changu kikaanza kuvimba na kutoa majimaji wakati wao wako kwao wanakunywa kahawa. Nikaenda hospitali na faili langu, ndani kuna mistari miwili ya lugha yao na mwandiko wa kuku, na vidonge nilivyopewa vimeandikwa kwa lugha hiyohiyo, duka la dawa walivigeuza geuza wakanirudishia. Kilichoniokoa ni yule dokta wetu. Alikuwepo mezani, anajua nini kiliwekwa, akasema hayo ni maji tu yanajikusanya, hamna usaha, akanisafisha, akaniandikia dawa zinazopatikana hapa, akaniambia nisibebe kitu kizito na nirudi aone. Yakakauka. Asingekuwepo siku ile thieta sijui mtu mwingine angeanzia wapi.

Ndo maana mtu akiniuliza kambi ipi nzuri, simuulizi wanatoka nchi gani. Hizi safari sio ngeni Afrika Mashariki, madaktari wa shirika la afya la Amref wanaofuata wagonjwa kwa ndege walianza 1957, na madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, ila Wachina timu ikiondoka inaingia nyingine, kidonda kina mwenyewe. Hawa wa wiki moja, uliza daktari gani wa hapa anapasua nao, na nani utamkuta ukirudi. Ukijibiwa "utapiga simu namba hii" ya Ulaya, mi ningesubiri raundi nyingine.

Vya kubeba: kanga au shuka mbili, chakula cha anayekuuguza maana wodini hamna, daftari lako la kliniki, na mwambie sista akuandikie kwa Kiswahili umefanyiwa nini kabla hujaruhusiwa. Suruali ya kubana acha nyumbani, utanikumbuka.

Kaka yangu ana busha, na tayari wameshaanza kupita tena kuandikisha majina. Nimempeleka kwanza kwa dokta wetu amuone kabla wageni hawajafika, amepimwa, presha iko juu kidogo, kaanzishiwa dawa sasahivi.